Mchango wa Mazishi Haukosi, wa Nepi Hauonekani

Familia ya Nairobi ikifiwa, jioni haijafika kundi la WhatsApp limeshafunguliwa. Mweka hazina ameteuliwa, nambari ya M-Pesa imebandikwa juu, na orodha inaanza kushuka: elfu moja, mia tano, elfu tatu, "poleni sana". Mgonjwa akilazwa na bili ikapanda, mambo ni yayo hayo. Kuna harambee, kuna simu kwa mjomba aliye Marekani, kuna mkopo wa chama. Lakini mgonjwa huyohuyo akiruhusiwa kurudi nyumbani na upande mmoja wa mwili hauna nguvu, kundi linatulia. Watu wanaandika "Mungu ni mwema", wanatoka mmoja mmoja, na anayebaki chumbani ni mtu mmoja: binti asiyeolewa, kitinda mimba, mke wa mtoto wa kiume, au yeyote ambaye siku hiyo hakuwa na kazi ya kumtetea.

Tunajua kuchangia tukio. Kuchangia mwezi hatujui. Na serikali nayo, kwa sehemu kubwa, imepanga pesa zake kwa mtindo huohuo.

Tazama hata lugha. Kiswahili kina kitenzi kizuri, kuuguza. Mwenye cheti anayeuguza anaitwa muuguzi, ana sare, ana chama cha wafanyakazi na ana siku ya kulipwa. Asiye na cheti, anayeuguza usiku na mchana katika chumba cha futi kumi kwa kumi Kayole, hana jina. Tunasema "yule anayekaa na mama". Anakaa! Kana kwamba kazi yenyewe ni kuketi kando ya kitanda akiangalia televisheni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu tumeuita kukaa.

Basi tuhesabu hicho kikao. Mtu aliyepigwa na kiharusi na hawezi kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Hizo ni mara 12. Anayefanya peke yake hutumia kama dakika 10 kila mara, kwa hiyo muda wa saa mbili umekwisha. Milo mitatu kwa dakika 40 kila mmoja, kwa sababu mgonjwa anameza polepole, ni saa mbili nyingine. Nepi nne kwa robo saa ni saa moja. Kumwogesha na kumvisha, dakika 45. Mazoezi ya mkono na mguu, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Kufua shuka kwa mkono, kuchota maji na kupika chakula laini, saa mbili, na hapo maji yawe yapo. Jumla inakaribia saa tisa za kazi.

Kuna atakayesema saa tisa ni kama kazi ya ofisi tu. Sivyo. Kazi ya ofisi imefungwa fungu moja. Unaingia, unatoka, umemaliza. Hizi zimetawanyika kama punje za mchele ndani ya saa 24, kiasi kwamba hakuna pengo la saa tatu mfululizo. Na mtu asiye na saa tatu mfululizo hawezi kwenda kibarua cha mjengo, hawezi kufika Gikomba alfajiri kuchagua mitumba wala Marikiti kununua mboga za kuuza, na hawezi kulala usingizi wa maana. Ndiyo maana ushauri wa "atafute kabiashara kadogo ka kufanyia nyumbani" humuudhi mtunzaji yeyote. Kabiashara kenyewe kangefanyika saa ngapi?

Sasa pesa. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi, kwa nyongeza iliyoanza Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba. Kanuni za jumla za mishahara zinaweka wiki ya kazi kuwa saa 52. Wiki nzima ina saa 168. Kumwangalia mgonjwa saa zote kwa kufuata kanuni hizo kunahitaji watu watatu na ushei, yaani zaidi ya shilingi 48,000 kwa mwezi kwa mishahara peke yake. Huo ndio mchango ambao "anayekaa na mama" hutoa kila mwezi, na haumo kwenye orodha ya kundi. Ndugu aliyetuma elfu tano Desemba yumo, na alama ya mikono iliyounganishwa iko mbele ya jina lake.

Kisha kuna vitu vya kununua. Chukua nepi ya mtu mzima kwa shilingi 80, nne kwa siku: ni shilingi 9,600 kwa mwezi kabla ya dawa, glavu, mafuta ya ngozi na sabuni. Mpango wa serikali wa ruzuku, Inua Jamii, hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa bei hiyo, pesa za mwezi mzima hununua nepi 25, ambazo huisha siku ya saba asubuhi. Na hao wanaopata ni wazee wa miaka 70 kwenda juu, kaya zenye mayatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkali. Aliyepigwa na kiharusi akiwa na miaka 55 hapiti mlango wa wazee; abishe mlango wa ulemavu, ambako kuandikishwa ni jambo moja na kuanza kulipwa ni jambo lingine. Wengi hutumia vitambaa mchana na nepi ya dukani usiku. Ni busara ya bajeti, ila vitambaa vinataka maji, na maji ya Nairobi huja kwa ratiba ya mgao. Kuogesha, kufua na kusafisha kwa siku humaliza kwa urahisi mitungi minne ya lita 20. Kwenye ghorofa za Pipeline zisizo na lifti, mitungi minne hadi orofa ya sita ni kilo 80 za maji kupandishwa ngazi, na mgonjwa ameachwa peke yake muda huo wote.

Ngazi hizo hizo ndizo humfungia mgonjwa ndani. Siku ya kliniki inataka vijana wawili wa kumshusha na "kitu ya chai" yao, teksi kwa sababu makanga hana subira na kiti cha magurudumu, foleni, famasi, kisha vijana walewale wa kumpandisha. Kumwona daktari huenda ni dakika kumi na tano, lakini siku imekwisha, na mwenye kibarua amekipoteza. Ukiona mgonjwa ameruka kliniki mbili mfululizo, uliza anaishi orofa ya ngapi kabla ya kusema familia imempuuza.

Tuje kwenye kazi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo watu huumia na ndipo maelezo huwa machache. Mtu mzima ana kilo 60, 70, 80. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani huweka kikomo cha takriban kilo 16 kwa mtu mmoja anayemwinua mgonjwa kwa mikono yake. Maana yake ni kwamba mgonjwa hainuliwi. Anavingirishwa au anatelezeshwa. Kunja shuka mara nne, itandike kutoka mabegani hadi mapajani, nayo ndiyo itakuwa mpini wako. Ukitaka kumgeuza akuelekee, kunja goti lake lililo mbali nawe, mlaze mkono wake kifuani, shika bega na nyonga kwa pamoja, kisha mvute kama gogo, magoti yako yakiwa yamekunjwa na mguu mmoja mbele. Usimlaze ubavu kamili. Mweke mto mgongoni ainame kama nyuzi 30, kwani akilala ubavu kamili uzito wote hutua kwenye mfupa wa nyonga, na huko kidonda huchimba haraka. Mto mwingine uwe kati ya magoti, na mwingine chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vining'inie hewani bila kugusa godoro.

Kila ukimgeuza, tazama. Vitabu vingi husema utafute wekundu, lakini ngozi yetu nyeusi haiwi nyekundu. Tafuta sehemu iliyokolea kuliko jirani yake, inayong'aa, yenye joto au iliyo ngumu ukiigusa, hasa juu ya makalio, nyongani, visiginoni na hata sikioni. Ukiipata, usiikande. Kukanda kunazidi kuumiza nyama ambayo tayari imekosa damu. Na ile pete ya mpira au ya kitambaa anayokalishwa mgonjwa, ambayo bado inauzwa na kupendekezwa na majirani wenye nia njema, itupe. Huzuia damu kuzunguka pale katikati. Dawa ya sehemu hiyo ni kuiondolea uzito.

Chakula nacho kina mtego wake. Familia nyingi humpa mgonjwa wa kiharusi uji mwepesi, chai na supu ya maji maji kwa kudhani ndivyo vyepesi kumeza. Kwa mwenye koo dhaifu ni kinyume: kimiminika chepesi hukimbia kabla koo halijajifunga na kuingia njia ya hewa. Uji mzito unaoshikamana na kijiko, ndizi iliyopondwa, viazi vilivyosagwa laini, hivyo ndivyo salama zaidi, ingawa mwenye kuamua ni mtaalamu aliyempima kumeza. Mgonjwa akae wima kadiri anavyoweza, kidevu kikiinama kidogo, apewe chakula nusu kijiko kidogo, asubiriwe ameze, kisha ukague shavu la upande uliolegea kwa sababu chakula hujificha humo. Akimaliza, abaki ameketi nusu saa. Kikohozi katikati ya mlo, au sauti inayotoka kama yenye maji, ni onyo. Homa siku mbili baadaye huenda ni nimonia, na familia itaapa kwamba ni baridi ya Julai.

Dawa: si kila kidonge kinasagwa. Vipo vilivyotengenezwa kuachilia dawa polepole mchana kutwa, baadhi vikiwa vya shinikizo la damu. Ukikisaga kwa kinu ili kipite kwenye mrija wa puani, dozi ya siku nzima inamwagika mwilini kwa mkupuo na presha inaporomoka. Mwulize mfamasia kuhusu kila kidonge, kimoja kimoja. Na mfuko wa mkojo ukae chini ya kiwango cha kibofu wakati wote. Ndani ya teksi watu huuweka mapajani kwa kuona haya, mkojo unarudi ulikotoka, na wiki ijayo mgonjwa anatetemeka kwa homa.

Haya yote yangeweza kufundishwa kabla mgonjwa hajaondoka wodini. Hufundishwa kwa kasi, mlangoni, saa ambayo familia inakimbizana na kitengo cha malipo na teksi inapiga honi. Kuna jambo moja ambalo mtunzaji anaweza kudai bila kugombana na mtu: kufanya mwenyewe, kwa mikono yake, mara mbili, muuguzi akitazama. Kugeuza mara mbili, kulisha mara mbili, kumwaga mfuko wa mkojo mara mbili. Kusikia si kujua. Na asiondoke bila kuandikiwa vidonge visivyosagwa, tarehe ya kubadilisha mrija wa mkojo, dalili zinazomaanisha "rudi leo, usingoje kliniki", na nambari ya simu itakayopokelewa.

Kuna la aibu ambalo vikao vya familia huliruka. Kazi hii huwaangukia wanawake. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba wanawake nchini hutumia takriban mara tano ya muda ambao wanaume hutumia kwa kazi za nyumbani na matunzo yasiyo na malipo. Wanaume wakiulizwa, wengi hujibu kwa mwiko: mtoto wa kiume haoni utupu wa mamake, mkaza mwana hamgusi baba mkwe. Mwiko huo ni wa kweli katika jamii nyingi zetu na si wa kuchekwa. Lakini mwiko ni wa kuona, na kuna namna ya kuogesha bila kuona: leso mbili, moja imfunike kifua hadi kiuno, ya pili kiuno hadi miguu, unafunua sehemu unayoisafisha tu, unaikausha, unaifunika, unaendelea, na sehemu za siri mwenyewe anajisafisha kwa mkono wake mzima akishikiwa beseni. Wauguzi wa kiume huwahudumia mama za watu hivyo kila siku. Zaidi ya hayo, hakuna mwiko popote unaomkataza kaka kufua shuka, kupandisha maji, kusimama foleni ya kliniki, au kulala sebuleni Ijumaa usiku ili dada alale hadi asubuhi. Mwiko umefanywa kuwa mkubwa kuliko ulivyo.

Suluhisho ambalo huja haraka mezani ni ushago, yaani kijijini. "Mzee apelekwe nyumbani, huko maisha ni rahisi." Rahisi kwa nani? Huko kuna shemeji ambaye ana ng'ombe, shamba na watoto, naye hakuitwa kwenye kikao. Hospitali yenye mtaalamu wa viungo iko mbali, choo ni cha shimo uani, na baada ya miezi minne mzee anarudishwa Nairobi na kidonda kinachoingiza ngumi. Gharama haikupungua, ilihamishwa mahali ambapo walioamua hawaioni. Zipo familia zilizofanikiwa kwa njia hii, ila zilitangulia kumlipa mtu wa kule, zikajenga choo cha ndani na zikapanga usafiri wa kliniki kabla ya gari kuondoka.

La pili ni msaidizi wa nyumbani. Aliajiriwa kupika, kufua na kuwapeleka watoto shule. Siku moja anaambiwa "utakuwa pia unamwangalia shosho", mshahara ni uleule, na wiki ya pili amekusanya nguo zake. Kisha tunasema wasichana wa siku hizi hawavumilii. Kumgeuza mtu mzima usiku ni kazi nyingine, ya mshahara mwingine, na mtu mmoja hafanyi zamu ya mchana na ya usiku.

Sheria nayo imemruka mtunzaji kwa ustadi. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya matunzo na usaidizi kutoka kwa familia zao na Serikali, wawili hao wakitajwa katika sentensi moja. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za likizo ya mwaka, inampa mama miezi mitatu ya uzazi na baba wiki mbili. Inampa anayeugua, baada ya miezi miwili mfululizo kazini, siku saba za malipo kamili na saba za nusu malipo akileta cheti cha daktari. Ila anayeugua sharti awe yeye mwenyewe. Kwa mzazi aliyeanguka bafuni au mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyeshikwa na degedege usiku kucha, haikuandikwa hata siku moja. Kilichoandikwa, katika kifungu cha 44, ni kwamba kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali ni miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu. Ndipo watu hudanganya. Wanaugua "tumbo", wanazika shangazi yuleyule mara mbili, wanamaliza siku 21 kufikia Machi na hawana pumziko tena mwaka mzima. Mwajiri mwema hutoa ruhusa, lakini ruhusa ni hisani, na hisani hubadilika meneja akibadilika. Siku kumi kwa mwaka za kumhudumia jamaa wa karibu, zinazoweza kuchukuliwa hata kwa nusu siku, zingewabakisha kazini watu wengi wanaojiuzulu mwezi wa tatu.

Akishaacha kazi, bima inamfuata. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, na mchango wa asiye na mshahara hukadiriwa kwa kaya na kulipwa kwa mwaka, usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kawaida mzazi hahesabiki kama mtegemezi wa mwanawe, wala binti wa miaka 38 hahesabiki chini ya mamake. Hizo ni kaya mbili ndani ya chumba kimoja: angalau shilingi 7,200 kwa mwaka, pesa ya kulipwa mbele na mtu ambaye ndiyo kwanza ameacha mshahara. Wengi humlipia mgonjwa na kuacha lao. Mgongo wao ukikatika au presha ikapanda, wao ndio wasio na bima. Kwenye bajeti ya familia, mstari wa kwanza baada ya dawa uwe SHA ya mtunzaji, na wa pili uwe akiba yake ya uzeeni NSSF, hata kwa kiwango cha chini cha mchango wa hiari.

Pesa za mgonjwa mwenyewe ni kitendawili kingine. Mama ana pensheni kidogo na kodi ya vyumba viwili Githurai, lakini kumbukumbu zimeanza kumponyoka. Kinachofanyika ni binti kutumia PIN ya mama, na kaka kuanza kunong'ona kwamba pesa zinaliwa. Hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha husaidia ikiandikwa mapema, ila familia nyingi hazijui kwamba nguvu yake kisheria huisha mwenye mali akishapoteza uwezo wa akili, yaani wakati hasa inapohitajika. Hapo Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, inataka mwombaji aende kortini ateuliwe kuwa msimamizi wa mali ya mgonjwa. Ni safari ndefu yenye wakili. Wakati safari hiyo haijaanza, daftari la kawaida lenye tarehe, kilichonunuliwa, bei na risiti iliyobandikwa, likipigwa picha na kutumwa kwenye kundi kila Jumapili, limezuia ugomvi mwingi. Faida yake ya pili ni kubwa zaidi: wiki tatu za picha hizo huwafundisha ndugu walio mbali bei ya nepi.

Na tusidanganyane kuhusu hasira. Mtu aliyekosa usingizi kwa miezi mitatu hufikia siku ya kumfokea mgonjwa, kumvuta mkono kwa nguvu, kumwacha na nepi iliyolowa makusudi, au kumfunga kamba kitini ili akatafute mboga. Wengine hujikuta wakiombea mwisho uje, kisha wanajichukia wiki nzima. Mara nyingi kinachotangulia ni vitu vidogo: ameacha kupokea simu, anakula akiwa amesimama, analia kwa sababu ya sufuria, amekosa kliniki yake mwenyewe. Kumpa moyo kwa aya za Biblia wakati huo ni kumwongezea mzigo. Anachohitaji ni usiku mmoja kamili wa usingizi, na mtu mwingine awe ndani ya nyumba.

Kwa hiyo kikao cha familia kianze na saa, si pesa. Chora wiki yenye vipande 21: asubuhi, mchana na usiku kwa siku saba. Kila ndugu aandike jina lake kwenye kipande, awe ni meneja Upper Hill au dereva wa boda. Asiyeweza kuja, kwa sababu yuko Mombasa au Minnesota, ananunua kipande: analipa mtu wa kukishika, kwa bei iliyokubaliwa, kila mwezi, kwa tarehe. Anayebaki na vipande vingi alipwe posho inayojulikana, na asiwe ndiye anayeiomba. Usiku miwili kwa wiki uwe wake wa kulala. Mpango huu huvunjika mwezi wa pili, karibu kila mara, kwa sababu mmoja amekosa kuja na hakuna aliyesema. Kwa hiyo mchungaji wa kalenda asiwe mtunzaji mwenyewe. Awe ndugu mwingine, tena yule mwenye ulimi mkali.

Serikali haihitaji kuanza kwa kujenga. Septemba 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akiangalia kama kaya 100, wakiwa na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Wanaingia nyumba hizi tayari. Waongezewe wajibu wa kumpima presha mtunzaji pamoja na mgonjwa, kumwuliza alilala saa ngapi, na kuandika jibu. Ukumbi wa kanisa au wa msikiti mtaani hukaa mtupu Jumatatu hadi Alhamisi. Magodoro sita, muuguzi mmoja wa zamu, maji na choo kinachoingia kiti cha magurudumu vingewapa watunzaji wa mtaa saa nne za kupumzika mara mbili kwa wiki. Wagonjwa wenye maumivu makali wana mfano wa kuigwa: Nairobi Hospice, kituo cha kuwatuliza maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona, iliyoanza 1990, imekuwa ikifanya kazi na familia ambamo mgonjwa yumo, si na mgonjwa peke yake.

Halafu siku moja mgonjwa anafariki, na kundi la WhatsApp linafufuka. Kwa wiki mbili mtunzaji ndiye anayejua cheti kiko wapi, mama alitaka leso gani, dawa zipi zilibaki. Baada ya mazishi ana miaka 46, pengo la miaka minane kwenye wasifu wake wa kazi, na chumba ambacho mkataba wake wa kodi ulikuwa kwa jina la marehemu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 38, humgawia kila mtoto sawa pasipo wosia wala mjane, na miaka minane haina mahali pa kuandikwa isipokuwa mzazi aliiandika mwenyewe akili zikiwa timamu. Kamati inavunjwa kwa kusomewa hesabu: jeneza, hema, basi, chakula, matangazo. Kilichobaki, shilingi 11,400, kinapendekezwa kitumike kuweka simiti kaburini.